Samaki Mweupe kwa Mafuta ya Soseji: Mlo wa Jioni ya Siku ya Kazi

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa kuzungumzia mlo ambao mtu aliyerudi kazini akiwa amechoka anaweza kuupika bila kuzidi nusu saa, nami nimechagua chakula kinachofahamika vyema Hispania na Ureno: samaki mweupe aliyeivishwa pamoja na choriso, yaani soseji ya nguruwe iliyokolezwa kwa kitunguu saumu na paprika (unga wa pilipili nyekundu zilizokaushwa), kisha ikakaushwa. Hoja yangu ni kwamba katika mlo huu nyama ya soseji ni ya ziada tu, na kiungo chenyewe ni mafuta yake.

Samaki wanaohusika hasa ni wale ambao Wahispania huwaita merluza na bacalao, samaki wa baharini ambao kwa Kiingereza ni hake na cod. Mnofu wa bacalao hauna hata asilimia 1 ya mafuta, kwa kuwa samaki huyo huyaweka mafuta yake katika ini, na ndiyo maana watoto wengi walinyweshwa mafuta ya ini lake bila kupenda. Misuli yake hutumika kwa mbio fupi tu, tofauti na ya jodari anayeogelea bila kupumzika, kwa hiyo mnofu ni mweupe na ladha yake ni ya upole. Tishu zinazoishikanisha nyama hiyo ni chache na huyeyuka kwa joto dogo, kwa hiyo moto ukizidi kidogo tu mnofu huvunjika na kukauka. Samaki wa namna hii anahitaji mafuta na viungo kutoka kwingine, ila hawezi kuvumilia moto ambao viungo vingi huuhitaji.

Hapo ndipo choriso inapofaa. Wekundu wake unatokana na pilipili, mmea wa Amerika ambao haukujulikana Hispania kabla ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Katika bonde la La Vera, jimbo la Extremadura, pilipili hizo hukaushwa kwa moshi wa kuni za mwaloni kwa muda wa takriban wiki mbili kabla ya kusagwa, na moshi huo ndio unaosikika katika soseji iliyotiwa paprika ya huko. Rangi ya paprika huyeyuka katika mafuta, haiyeyuki katika maji. Kwa sababu hiyo anayetupa vipande vya soseji ndani ya mchuzi unaochemka hupata mchuzi uliopauka wenye vipande vigumu, na kwa maoni yangu amepoteza soseji yake bure. Tena paprika huungua upesi ikawa chungu.

Kwa watu wanne, chukueni gramu 600 za minofu minene na gramu 120 za choriso iliyokatwa vipande vidogo. Soseji iwekwe katika kikaango kisicho na moto bado, pamoja na kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni, kisha iwashiwe moto mdogo kwa dakika tano au sita mpaka mafuta yawe mekundu. Itoeni, muyaache mafuta. Kaangeni humo kitunguu maji na kitunguu saumu, ongezeni nyanya na maharage meupe yaliyokwisha kuiva, na mchuzi ukizidi kuwa mzito uongezeeni maji kidogo. Minofu, iliyokaushwa kwa kitambaa na kutiwa chumvi kidogo mno kwa kuwa soseji ina chumvi yake, ilazwe juu ya mchuzi na kufunikwa. Mnofu wenye unene wa sentimita 3 huiva kwa dakika saba au nane hivi: ukiubonyeza kwa uma hugawanyika kwa matabaka, na katikati hauna tena ung'avu wa ubichi. Soseji irudishwe mwishoni. Ninayoisema hapa ni choriso iliyokaushwa. Ile mbichi, kama ya Meksiko, lazima iive kabisa kwanza.

Kwetu samaki wa kufaa wapo. Changu na chewa wa pwani wanafaa, na sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, minofu yake husafirishwa hadi masoko ya Ulaya. Kwa kuwa ana mafuta zaidi kuliko bacalao, soseji ipunguzwe. Wasiokula nguruwe watumie soseji ya ng'ombe yenye viungo, lakini soseji laini za kawaida za madukani hutoa mafuta machache yasiyo na rangi. Basi ongezeni vijiko viwili vya mafuta ya zeituni, epueni kikaango, kisha koroga kijiko kidogo cha paprika, ya moshi ikipatikana, na pilipili kali ya unga kiasi mnachokiweza, kabla ya kutia nyanya na kurudisha kikaango motoni. Limau likamuliwe mezani, kila mtu kwenye sahani yake.