Maswali Anayoachiwa Mwanamke Peke Yake: Mhadhara Kuhusu Kushika na Kulea Mimba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mheshimiwa Sheha, masheikh na walimu wetu wa madrasa, akina mama na akina baba wa Wete, ninakushukuruni kwa kuitika mwito huu. Nilipoombwa kuja kuzungumza nilishikilia sharti moja tu, nalo ni kwamba waume na mama wakwe waalikwe pia.

Sababu ya sharti hilo ni hii. Kwa miaka yote niliyofanya kazi ya ukunga hapa Pemba, maswali mazito kuhusu mimba nimeulizwa kwa sauti ya chini na mwanamke aliyekuja peke yake, aghalabu akiwa ameshasimama kuondoka na mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Jibu ninalompa mara nyingi hana uwezo wa kulitekeleza, maana linahitaji fedha, chakula, usafiri au ruhusa, na vyote hivyo viko mikononi mwa watu aliowaacha nyumbani.

Swali la kwanza huwa ni "Mbona sishiki mimba?" Wengi huliuliza baada ya miezi minne au mitano tu ya ndoa, kwa kuwa mawifi na majirani wameshaanza kumtazama tumbo. Mke akiwa hajafikia miaka 35, na wakawa wanakutana mara kwa mara bila ya kinga, wanaweza kusubiri mwaka mzima kabla ya kutafuta uchunguzi. Akiwa ametimiza 35, wasingoje zaidi ya miezi 6. Yai la mwanamke huishi muda usiozidi siku moja baada ya kutoka, ilhali mbegu za mume zinaweza kubaki hai ndani ya mwili wa mke hadi siku 5, na kwa hiyo siku zenye matumaini ni zile chache zinazotangulia yai kutoka, pamoja na siku yenyewe. Hesabu inayokosewa sana ni ile ya siku 14: huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayotarajiwa, wala si kwenda mbele kutoka hedhi iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hutoka karibu na siku ya 21.

Mwaka ukipita, wa kupimwa ni wawili. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upungufu upo kwa mume, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Nimempokea mwanamke aliyekunywa makombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, na dawa za miti kwa miaka mitatu huku akitajiwa talaka, na katika muda wote huo kipimo cha mbegu za mumewe, ambacho ni kazi ya asubuhi moja, hakikufanywa. Dua haikatazwi, wala sisemi iachwe. Ninachoomba ni kwamba mume naye aende maabara. Tena hapa kwetu pana kichocho, ambacho mayai ya minyoo yake hayajeruhi kibofu tu, bali pia njia ya uzazi ya mwanamke, na yanaweza kusababisha ugumba. Aliyewahi kukojoa damu utotoni asione haya kumwambia daktari.

Lipo swali ambalo takriban siulizwi, nami natamani niulizwe: mwanamke afanye nini kabla ya kushika mimba? Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajua kwamba wamebeba. Ndiyo maana asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, inafaa ianzwe kabla ya mimba na iendelee hadi wiki ya 12, kwani hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mja mzito aonane na mhudumu wa afya mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Najua kwa nini mimba hufichwa, tunaogopa husuda. Basi na ifichwe kwa jirani, lakini si kwa mkunga.

Nitakaa zaidi katika jambo la damu. Mwili wa mja mzito huongeza damu kwa takriban nusu ya ile aliyokuwa nayo, lakini sehemu ya majimaji huongezeka kuliko chembe nyekundu, na kama madini ya chuma hayatoshi, mama hubaki na damu nyingi iliyo dhaifu. Kipimo cha wingi wa damu kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita huo ni upungufu, na kikiwa chini ya 7 ni upungufu mkali. Mama wa namna hiyo anaweza kushindwa kustahimili hata kiasi cha damu ambacho mwenzake hukipoteza wakati wa kujifungua na akainuka salama.

Lugha yetu ina neno safura, na wazee walilitumia kwa weupe wa macho na viganja, na pia kwa minyoo inayouleta weupe huo. Walikuwa wameona sawasawa. Minyoo hiyo hupenya katika ngozi ya miguu peku, ikajishikiza utumboni na kunyonya damu. Dawa yake mja mzito huweza kupewa baada ya miezi 3 ya mwanzo. Wengine huniuliza kuhusu hamu ya kula udongo au kutafuna mchele mbichi. Uchunguzi uliofanywa kwa wajawazito zaidi ya 2,000 hapa hapa Pemba, ukachapishwa mwaka 2010, uliikuta tabia hiyo kwa wengi, hasa ya mchele, na ikaonekana kwenda pamoja na upungufu wa damu. Kwa hiyo mtu asimcheke mama mwenye hamu hiyo wala asimkaripie, bali ampeleke akapimwe damu.

Vidonge vya madini ya chuma navyo vina malalamiko yake. Choo kikiwa cheusi, hakuna madhara. Kichefuchefu kikizidi, vimezwe usiku baada ya chakula. Visimezwe pamoja na chai ya rangi, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini, ilhali chungwa au maji ya ndimu husaidia. Samaki, kunde, choroko na mchicha vyote vinafaa, na hapa nawageukia wenye nyumba: sinia linapotengwa na kipande kinono cha nguru kikawekwa upande wa baba, mwenye haja nacho zaidi ni yule aliyebeba roho mbili.

Mimba ikiharibika, mama huulizwa alibeba nini, alikwenda wapi, aligombana na nani. Katika kila mimba 100 zilizokwisha kujulikana, kati ya 10 na 15 huharibika, nyingi katika miezi 3 ya mwanzo, na sababu kuu ni kasoro ya kromosomu iliyokuwamo tangu mimba kutungwa. Kazi za kawaida za nyumbani hazikuiharibu. Nimewaona wanawake wakijilaumu kwa ndoo moja ya maji kwa miaka mingi, na huzuni hiyo hawakustahiki kubebeshwa.

Kuhusu Ramadhani nitasema kidogo, kwa kuwa masheikh wapo: mja mzito anayejikhofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kula, na mwenye kisukari au upungufu mkali wa damu asifunge kabla ya kumuona daktari.

Dalili zisizongoja asubuhi ni kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, homa kali, kutokwa na maji na mtoto kupunguza kucheza. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 huenda ikawa ni mwanzo wa hali inayoleta kifafa cha mimba, na mama anaweza asijisikie chochote mpaka apimwe. Dalili hizi zikitokea usiku, nimeona nyumba ikikaa kusubiri kauli ya mume ambaye yuko dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, na simu yake haipatikani. Akina baba wavuvi, ruhusa hiyo itoeni mbele ya mama zenu kabla hamjapanda chombo, na fedha ya gari iachwe mkononi mwa mke mwenyewe.