Ndimi za Moto: Kamusi na Haja za Wasomaji Wake

Ndugu zangu walimu na wanafunzi, jambo hili nimelisema mara nyingi, na nitalirudia mpaka watunzi wa kamusi watuelewe: wanaofungua kamusi hawana haja moja, na kitabu kinachomfaa mmoja chaweza kumwacha mwenzake njia panda.

Niliwahi kumfundisha mgeni mmoja mwenye bidii sana, ambaye alikutana katika hadithi na maneno "ndimi za moto". Alifungua kamusi yake kwenye herufi N, akaikuta ndimu, tunda analolijua sokoni, kisha akaikuta ndimi yenye maana ya "ni mimi", akakesha akijaribu kuipatanisha na moto. Neno alilolihitaji lilikuwa mbali, kwenye herufi U, chini ya ulimi. Mtoto wa Pangani au wa Lamu hahitaji kuambiwa kwamba ndimi ni wingi wa ulimi, kwa hiyo aliyeitunga kamusi ile, akimfikiria mtoto huyo, hakuona sababu ya kuliandika. Lugha yetu hubadilisha mwanzo wa neno, na kamusi hupangwa kwa mwanzo wa neno. Hapo ndipo mgeni anapopotea. Atalipataje "walituandikia" asiyejua kwamba aanze na andika? Hata kula, katika kamusi nyingi, hukaa kwenye herufi L.

Najua wapo watakaosema kwamba mgeni huyo aisome sarufi kwanza. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mtu hufungua kamusi kutafuta asichokijua, na kumtaka awe amekijua kabla ya kukitafuta ni kumfungia mlango. Mstari mmoja tu, "ndimi: tazama ulimi", ungemtosha.

Frederick Johnson, katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, aliyakusanya maneno mengi chini ya mashina yake, hata mpishi na upishi yakahusiana waziwazi na pika. Mpango huo una uzuri wake kwa anayechunguza jinsi maneno yanavyozaliana, ingawa anayetaka jibu la haraka hulipata kwa taabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1981, ilikuja na kazi nyingine, yaani kumweleza Mswahili maneno yake kwa Kiswahili chenyewe. Msomaji huyu hatafuti ndimi. Hutaka kuhakikisha kama aandike dhamana au thamani, hutaka kujua ngeli ya neno wanalobishania kazini, na mara nyingine hutaka tu mwamuzi wa kumwambia kwamba neno fulani ni sanifu.

Muda umenibana, kwa hiyo nitamtaja kwa ufupi msomaji wa tenzi za kale, ambaye kamusi za shuleni hazimtoshi na ambaye hulazimika kumwendea Charles Sacleux, aliyeyaandika pia maneno ya lahaja katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, nayo ya mwaka 1939. Mfasiri naye ana mahitaji yake, ambayo leo sitayafikia. Ninachowaomba wenzangu mlioko katika kazi ya utunzi ni kwamba, kabla ya kuandika kidahizo cha kwanza, yaani neno la kwanza la kuelezwa, mkubaliane ni nani atakayekifungua kitabu hicho, na wingi wa ulimi muuweke pale mgeni atakapoutafuta.