Ukipita Hong Kong, Dim Sum Uile Wapi na Saa Ngapi

Asalaam aleikum ndugu watazamaji, na kwa wenye salamu nyingine, habari za wakati huu. Leo ninazungumza nanyi nikiwa Wan Chai, Hong Kong, katika ghorofa ya tano ya Kituo cha Kiislamu kilichopo Oi Kwan Road. Ghorofa za chini ni msikiti, huku juu ni kantini, na mezani kwangu pana buli la chai na kikapu cha mianzi ambacho mvuke wake umeanza kuitia ukungu kamera yangu, kwa hiyo mnisamehe picha ikififia.

Nimeanzia hapa kwa makusudi. Watu wengi wa kwetu wanaopita katika mji huu hawaji kutalii. Wanakwenda Guangzhou kufuata mzigo, wanalala usiku mmoja au mawili pale Chungking Mansions, jengo la nyumba za wageni za bei nafuu mtaa wa Tsim Sha Tsui, ambako ukisubiri lifti kwa muda huenda ukasikia Kiswahili kabla hujasikia Kikantoni, kisha wanapanda treni ya kasi na kuondoka zao. Mtu wa namna hiyo akiuliza ale wapi dim sum, vile vitafunio vya Kichina vya kwenye vikapu, hutajiwa jina moja lililovuma, akasimama foleni ya saa nzima, na alipokwisha kukaa akagundua kwamba nusu ya vilivyoandikwa kwenye karatasi ya kuagizia vina nguruwe. Kwa maoni yangu, swali la wapi halijibiki mpaka ujue kwanza utafika saa ngapi na ni kitu gani usichokula.

Tuanze na saa. Wenyeji wa hapa wakialikana mlo huu hutumia zaidi neno yum cha, maana yake kunywa chai, na Mswahili hapaswi kuona ajabu, kwa kuwa nasi tukimwuliza mgeni asubuhi kama amekwisha kunywa chai hatuulizi habari za kikombe, tunauliza kama amekula. Dim sum ni vile vitafunio vinavyoisindikiza chai hiyo, na maandishi ya jina lake yanaweza kusomwa kama kugusa moyo. Kwa hiyo ni chakula cha asubuhi na mchana. Katika nyumba nyingi za chai, ikishafika saa tisa alasiri jiko hugeukia vyakula vya jioni, na yule aliyepanga kula dim sum baada ya kumaliza shughuli zake za siku hukuta wali na samaki. Saa nzuri ni kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi siku za kazi, wakati wazee wanasoma magazeti na viti vipo. Jumapili saa sita mchana iepuke kama huna subira, maana ndiyo saa ambayo bibi, watoto na wajukuu hukutana mezani, na hakuna anayeondoka mapema kwa ajili yako.

Jambo la pili ni chai yenyewe, kwa sababu utaulizwa aina ya chai kabla hujaulizwa chakula, na chai hiyo hulipiwa kwa kichwa. Wazee hupenda bo lei, chai nyeusi yenye harufu ya udongo uliolowa, ambayo huyakata mafuta vizuri sana. Mgeni aliyezoea chai ya maziwa na iliki pengine ataanza na ile ya maua ya krisanthemamu. Juma langu la kwanza mjini hapa niliketishwa meza moja na mzee nisiyemfahamu, jambo la kawaida kabisa nafasi ikiwa chache, naye akamimina chai ya kwanza katika bakuli kubwa lililokuwa katikati yetu. Nikalichukua lile bakuli kwa mikono miwili, kwa adabu zote nilizofunzwa Tanga, nikanywa. Kumbe yalikuwa maji ya kusuuzia vikombe na vijiti! Mzee hakucheka, alilivuta bakuli taratibu, akasuuza vikombe vyetu vyote viwili, akanimiminia chai safi. Kisha akanifundisha kugonga meza kwa vidole viwili vilivyokunjwa kila ninapomiminiwa, ikiwa ndiyo ahsante ya mezani. Husimuliwa kwamba Qianlong, mfalme wa China wa zamani, alipokuwa akitembea kwa kujificha, alimmiminia chai mtumishi wake, naye kwa kuwa hakuweza kupiga magoti mbele za watu alivipigisha magoti vidole vyake. Buli likiisha maji, usipige kelele wala usimkonyeze mhudumu. Funua kifuniko ukiache kikiwa upande, naye akipita atalijaza.

Sasa twende kwenye nyumba zenyewe. Anayetaka kuviona vikapu vikisukumwa kwenye matoroli kati ya meza, kama ilivyokuwa desturi ya zamani ambayo sasa inazidi kuadimika, aende Maxim's Palace iliyomo ndani ya City Hall, mtaa wa Central, jengo lililofunguliwa 1962. Ni ukumbi mpana wenye taa za vioo unaofanana kabisa na ukumbi wa harusi, na uzuri wake kwa mgeni ni kwamba hahitaji lugha: toroli linasimama, kifuniko kinafunuliwa, unaonyesha kwa kidole, na kadi yako inagongwa mhuri. Anayependa makelele na kugombania atafute Lin Heung ya Wellington Street, jina ambalo chimbuko lake ni Guangzhou 1889. Ilifungwa 2022, ikafunguliwa tena 2024. Luk Yu ya Stanley Street, iliyoanzishwa 1933, ina viti vya mbao nzito, vioo vya rangi na bei inayolingana na hayo yote. Mimi ningeiacha mpaka siku ambayo mtu mwingine analipa.

Jina lililovuma nililolitaja mwanzoni ni Tim Ho Wan. Mpishi Mak Kwai-pui aliifungua 2009 katika kichochoro cha Mong Kok baada ya kufanya kazi kwenye jiko la hoteli kubwa, na toleo la 2010 la Michelin, kitabu mashuhuri cha kupima mikahawa, likaipa nyota moja, ikasifika kuwa miongoni mwa mikahawa ya bei nafuu zaidi duniani yenye nyota. Sasa ina matawi katika nchi nyingi. Chakula chake si kibaya hata kidogo, lakini kilichoipa sifa ni skonzi za kuoka zenye nyama ndani, na nyama hiyo ni nguruwe. Kwa hiyo Mwislamu anayesimama foleni pale amesimamia sifa ya kitu ambacho hatakila. Wale wenzangu wa kitimoto, nanyi mpo, endeni kwa amani. Na kama ndege yenu imetua usiku wa manane na usingizi umegoma, Sun Hing ya Kennedy Town hufungua mlango saa tisa usiku.

Niseme wazi kuhusu nguruwe, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Siu mai, kifurushi kidogo cha mvuke kilicho wazi juu, huonekana kama kitu cha kamba, kwa kuwa kamba huonekana kwa juu pamoja na nukta ya rangi ya chungwa, lakini kwa kawaida ndani yake mna nguruwe aliyekatwakatwa. Lo mai gai ni wali wa kunata na kuku uliofungwa katika jani la yungiyungi, na jina lake linataja kuku peke yake. Ufungue uone, mara nyingi utakuta kipande cha soseji ya Kichina. Ile keki ya figili iliyokaangwa, ambayo mtu wa kwetu angeapa kwamba ni muhogo, nayo huchanganywa soseji hiyohiyo. Hata ganda la kile kitamutamu cha yai huweza kukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Kuuliza kwa Kiingereza hakusaidii sana, kwani mhudumu hukuitikia ili aende meza nyingine. Mwombe mtu wa hotelini akuandikie kwa Kichina kwamba huli nyama ya nguruwe wala mafuta yake, upige picha maandishi hayo, na uyaonyeshe kabla ya kuagiza.

Au uje hapa nilipo, ambapo hilo swali halipo. Unashuka treni kituo cha Wan Chai, unatembea kama dakika kumi, na ukiuona uwanja wa Queen Elizabeth Stadium umekaribia, maana ni mtaa mmoja. Dim sum hupatikana mchana tu. Ijumaa fika kabla ya sala, la sivyo utaungoja msikiti mzima umalize kula. Wasabato, ambao hata kamba hamli, ninawaelekeza Lock Cha, nyumba ya chai iliyomo ndani ya Hong Kong Park, ambako dim sum zote ni za mboga na chai huchaguliwa kwa heshima kama vile watu wa Mascat wanavyochagua udi.

Niisogeze kamera karibu. Hii ndiyo har gow, yaani kamba waliofungwa katika ngozi laini na kupikwa kwa mvuke, nami humpimia mpishi kwa hii. Ngozi yake ni ya wanga wa ngano uliochanganywa na wanga wa muhogo, ndiyo maana inapitisha mwanga na wekundu wa kamba unaonekana kwa ndani. Hesabuni mikunjo hii: mpishi aliyefunzwa hatakiwi kupungukiwa na saba, na wenye fahari hufikisha kumi na zaidi. Mnaona ninavyoinyanyua kwa kuisukuma kwanza pembeni. Ukiivuta moja kwa moja juu hunata kwenye karatasi, ngozi inachanika, na utamu wote wa mchuzi unabaki kikapuni. Ikipoa ngozi hukakamaa kama mpira. Pembeni hapa kuna miguu ya kuku, ambayo wao huiita kucha za finiksi. Nayo hukaangwa, ikalowekwa, kisha ikapikwa kwa mvuke pamoja na maharage meusi yaliyochachuliwa mpaka inaachia mfupa yenyewe. Nani kati yenu aliyekulia Dar es Salaam atasema haijui miguu ya kuku?

Kuhusu malipo, kila kikapu huandikwa kidogo, cha kati, kikubwa au maalumu, na bei hufuata daraja hilo wala haifuati ukubwa wa kikapu. Katika mikahawa mingi, ongeza chai ya kila mtu na asilimia 10 ya huduma. Watu wawili wakiagiza vikapu vitano wameshiba. Anzeni na vitatu, kwa sababu vyote huletwa kwa mpigo mmoja.

Kikapu changu cha pili kimefika, har gow nyingine nne, kwa hiyo ninaizima kamera kabla hazijakakamaa.