Jiko Lililotoka Nje: Tambi na Vitamu vya Mitaa ya Hong Kong

(Mhadhara kwa wafanyabiashara na wanafunzi wanaojiandaa kwa safari ya Hong Kong na Guangzhou)

Ndugu zangu wafanyabiashara, na nyinyi vijana mnaosubiri viza, nashukuru kwa kunialika. Wengi wenu mtapita Hong Kong mkienda Guangzhou kufunga mzigo, na ushauri wa waliotangulia nimeusikia. Fikia Chungking Mansions pale Nathan Road, kula wali na kuku kwa Wapakistani wa chini, maliza shughuli zako, rudi nyumbani. Ni ushauri wa watu wanaowapenda. Jengo lile la ghorofa 17 limesimama tangu 1961, na Watanzania na Wakenya wengi wamelala humo, wamefanya biashara humo, na ukishuka ngazi hukosi kusikia Kiswahili.

Mimi nimekuja na ombi. Jioni moja tokeni humo, mfuate Nathan Road kwenda kaskazini mpaka mtaa wa Jordan, mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu. Ingieni mgahawa mdogo, ule wa watu wa mtaani, mle tambi. Mkishamaliza, tafuteni duka jingine mle kitu kitamu cha moto kwenye bakuli. Watu wa pale ndivyo wanavyomaliza siku yao, na mkiwaona wakila mtaujua mji ule kuliko mkikaa siku nzima kwenye maduka ya simu.

Nianze na sababu, maana bila hiyo mtadhani nawapeleka kutembea tu.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, Hong Kong ilikuwa na watu kama 600,000. Kufikia 1950 walishapita milioni 2. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeichana China, na watu walivuka mpaka na walichoweza kubeba. Walijenga vibanda vya mbao na mabati kwenye miteremko ya vilima. Usiku wa Krismasi 1953 moto ukashika vibanda vya Shek Kip Mei, na watu zaidi ya 50,000 wakapambazukiwa hawana pa kulala. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilipoanza kujenga majengo ya kuwahamishia.

Sasa sikilizeni chumba chenyewe kilivyokuwa. Mita za mraba 11, watu wazima watano. Maji na vyoo ni vya pamoja, kwa kila ghorofa. Jiko halimo. Mama anaweka jiko la mafuta ya taa kwenye baraza mbele ya mlango, anapika huku watu wanapita. Jengo mojawapo la wakati ule, Mei Ho House, bado lipo Sham Shui Po. Siku hizi ni hosteli ya vijana na lina makumbusho madogo yanayoonyesha vyumba vilivyopangwa kama zamani. Nendeni mkasimame mlangoni mwa chumba kimoja, mjiulize: mgeni akija, anakaa wapi? Mtoto akitaka kitu kitamu, kinapikwa wapi, na ufuta unasagwa na nani kwenye nafasi ile?

Jibu lilikuwa chini, barabarani. Jiko lilitoka nje ya nyumba likahamia mtaani, na halikurudi lote hata nyumba zilipokuwa bora. Sensa ya 2016 ilionyesha kwamba mtu wa kati kwa kati Hong Kong alikuwa na mita za mraba 15 tu za kuishi. Hapo huwezi kualika watu kumi. Rafiki unakutana naye mgahawani, mzee anasoma gazeti lake mgahawani, mwanafunzi anafanya kazi za shule mgahawani mpaka mama atoke kazini. Nawaomba mlishike hili, kwa sababu yote nitakayosema baadaye yametoka humo.

Mgahawa wenyewe unaitwa cha chaan teng. Zamani za ukoloni hoteli za Kizungu zilikuwa ghali, na Mchina wa kawaida hakuwa na nafasi mle. Wapishi wa mtaani wakachukua vitu vya Wazungu, chai ya maziwa, mkate wa siagi, makaroni, nyama ya kopo, wakavipika kwa mkono wao na kwa bei ya mfanyakazi. Leseni nazo zilichangia. Kule mgahawa una leseni kamili au leseni ya vyakula vyepesi, na mwenye hii ya pili hawezi kupika kila anachotaka. Anafungwa kwenye orodha: tambi za supu, au uji, au chai, kahawa na sandwichi. Leseni ndogo ikakutana na mtaji mdogo na wateja wenye haraka, na tambi zikawa chakula cha lazima.

Kuhusu chai sitakaa sana, ingawa inastahili. Majani ya chai ya Ceylon, yaani Sri Lanka, ya aina kadhaa yanachanganywa, yanachemshwa mpaka yakolee, yanachujwa na kurudishwa tena na tena kwenye mfuko mrefu wa kitambaa uliogeuka rangi ya kahawia, kisha inatiwa maziwa ya kopo yasiyo na sukari. Lan Fong Yuen, kibanda cha Gage Street upande wa kisiwa cha Hong Kong, wanaipika tangu 1952. Mwaka 2017 ufundi huo uliingizwa rasmi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa Hong Kong, na mimi nasema ilistahili kabisa.

Twende kwenye tambi.

Sisi watu wa pwani tambi tunazijua za sukari, iliki na tui la nazi, hasa Ramadhani. Za kule ni za supu, na ziko za aina mbili ambazo ningependa mzijue. Ya kwanza ni tambi za pakiti. Ndiyo, hizihizi za dukani. Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyeishi Japani, alizitoa sokoni mwaka 1958, na Hong Kong walizipokea mpaka zikapata heshima ya mezani. Asubuhi mtu anakuletea bakuli la tambi za pakiti zenye yai la kukaanga juu, au nyama ya ng'ombe ya mchuzi wa satei, wenye karanga na viungo, pamoja na mkate wa siagi na chai. Menyu nyingi zina bei moja kwa tambi za kawaida na bei ya juu kidogo kwa wanaotaka zile za Nissin, kampuni ya huyo Ando, na watu wanalipa. Hili nalipenda sana. Chakula cha bei ndogo kabisa kimepewa mpishi, bakuli safi na uamuzi wa mteja.

Ya pili ni tambi za wonton, yaani vifuko vidogo vya unga vyenye kamba wa baharini ndani, na hapa mniruhusu nikae kidogo. Tambi hizi ni nyembamba kama uzi, za unga wa ngano na mayai ya bata, zikitiwa maji ya magadi. Magadi ndiyo yanayozipa rangi ya njano na ule ukakamavu unaoukata kwa meno. Fundi wa kizamani hasukumi donge kwa mkono. Analiweka mezani, anachukua mti mrefu wa mwanzi uliofungwa upande mmoja ukutani, anakalia upande wa pili, anarukaruka nao juu ya donge mpaka lilainike. Tambi zinachemshwa kwa sekunde chache, zinapitishwa kwenye maji baridi, zinarudishwa kwenye moto. Kisha tazameni zinavyopakuliwa: kijiko chini, juu yake wonton za kamba, halafu tambi juu kabisa, na supu inafika usawa wa tambi bila kuzizamisha. Tambi zikilala ndani ya supu zinavimba na kulegea kabla hujafika nusu ya bakuli. Ndiyo maana bakuli ni dogo. Ukiwa na njaa, agiza la pili. Supu hupikwa kwa samaki bapa waliokaushwa, maganda au mayai ya kamba, na mara nyingi mifupa ya nguruwe. Hilo la nguruwe nitalirudia.

Sasa vitamu. Maduka yake yako peke yake, hufunguliwa mchana na mengi hukaa wazi mpaka karibu na usiku wa manane. Watu huenda baada ya chakula cha jioni, familia nzima, bibi akiwemo. Kai Kai pale Jordan ni jina linalojulikana. Mtakuta uji wa ufuta mweusi: ufuta unakaangwa, unasagwa na mchele na maji, unapikwa mpaka uwe mzito, mweusi tititi, mdomo wote unanukia. Mtakuta maharage mekundu yaliyopikwa mpaka yakapasuka, yakitiwa ganda la chenza lililokaushwa kwa miaka. Ganda hilo lina uchungu kidogo, na uchungu huo ndio unaoizuia sukari isikukinai. Sham Shui Po, barabara ya Pei Ho, kuna Kung Wo, wanaotengeneza tofu laini ya soya inayogandishwa na kumiminiwa shira. Kaeni pale mle ikiwa moto.

Lakini kama tumbo lina nafasi ya bakuli moja tu, chagueni maziwa ya tangawizi. Asili yake ni mkoa wa Guangdong, huko huko mnakokwenda kufunga mzigo. Fundi anakuna tangawizi kongwe, anakamua maji yake, anayaweka chini ya bakuli. Anachemsha maziwa, ya jadi yakiwa ya nyati wa kufugwa, anatia sukari, anayaacha yapoe mpaka nyuzi kama 70. Kisha anayamimina kwa mkupuo, kutoka juu, moja kwa moja kwenye maji ya tangawizi, na hakuna anayeligusa bakuli lile. Hakorogi. Hatikisi. Baada ya dakika chache maziwa yameganda, laini, yanatetema. Anaweka kijiko juu, na kijiko hakizami. Hakuna yai wala unga. Tangawizi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kimeng'enya hicho kina masharti: maziwa yakiwa ya moto mno kinakufa, yakipoa mno hakifanyi kazi. Sisi tangawizi tunayo, maziwa tunayo, na chai ya tangawizi tunainywa kila siku. Dada mmoja hapa mwenye mgahawa Kariakoo au Magomeni angeweza kuanza kesho. Nasema hivi kwa moyo wote: mizigo yenu iwe ya simu na nguo, lakini ufundi huu nao uletwe.

Adabu za mezani ni chache. Unapoonyeshwa kiti, kaa hapo hapo. Saa ya mchana utakalishwa meza moja na watu usiowajua, na hakuna anayeona ajabu. Muhudumu akifika awe amekukuta umeshaamua. Kasi ile isiwakwaze, kwa sababu nyuma yako kuna fundi ujenzi mwenye nusu saa tu ya kula. Pale Australia Dairy Company, Parkes Street, wanaosifika kwa mayai ya kuvuruga na maziwa ya kugandishwa kwa mvuke, foleni hufika barabarani na bado inakwenda mbio. Ukitaka kukaa kwa utulivu, nenda kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja hivi. Huo ni wakati wa chai ya alasiri, tambi na kinywaji vinauzwa pamoja kwa bei ya chini, na wazee wa mtaa ndio wanaojaza viti. Bili unalipa kaunta, karibu na mlango.

Kuna jambo linaniuma na sitalipita. Kodi za pango Hong Kong ni kali, na migahawa ya namna hii inafungwa mmoja baada ya mwingine, mwenye nyumba akimpata mpangaji mwenye fedha zaidi. Vibanda vya jikoni vya barabarani, dai pai dong, vimebaki vichache mno, kwa kuwa serikali iliacha kutoa leseni mpya miongo mingi iliyopita na ikabana sana urithi wa zile za zamani. Mgahawa wa mtaa ukifungwa, yule mzee wa gazeti anarudi kwenye chumba chake kidogo kukaa peke yake. Kwa hiyo pesa yenu ya bakuli moja ina kazi, na ningependa iende kwa hawa kuliko kwa migahawa ya makampuni makubwa yenye matawi mnayoweza kuikuta popote.

Nimalizie na suala la halali, kwa sababu Waislamu ni wengi hapa na maswali haya nayajua. Mgahawa wa kawaida wa tambi, chukulieni kwamba supu ina nguruwe mpaka muambiwe vingine. Keki na vile vikombe vidogo vya unga vyenye kastadi ya yai ndani, ulizeni, maana unga wake mara nyingi hukandwa na mafuta ya nguruwe. Uji wa ufuta pia ulizeni, wako wanaoutia. Tofu laini, maharage mekundu na maziwa ya tangawizi havina shida hiyo kwa asili yake. Msikiti wa Kowloon uko Nathan Road, hatua chache kutoka Chungking Mansions. Kwa tambi na nyama ya ng'ombe iliyochinjwa, nendeni Kowloon City, kuna mgahawa wa Waislamu wa Kichina uitwao Islam Food. Na upande wa kisiwani, mtaa wa Wan Chai, barabara ya Oi Kwan, Msikiti wa Ammar una kantini yake humo humo kwenye jengo, inayopika dim sum halali, yaani vitafunwa vya Kichina vya kupikwa kwa mvuke: vikapu vidogo vya mianzi, vya moto, vya kamba na nyama. Dim sum ni chakula cha asubuhi na mchana, kwa hiyo msiende jioni. Swalini adhuhuri, kisha mkale hapo hapo.

Karibuni kwa maswali.