Shule za Binafsi na Mashindano ya Michezo ya Kielektroniki

Waheshimiwa walimu wakuu na wazazi wenzangu mliofika hapa Kisumu,

Swali la kama michezo ya kielektroniki, yaani ile ya kushindana kwenye kompyuta, ni michezo kweli halitanichukulia muda. Chuo Kikuu cha Robert Morris, Illinois, kilianza kuwafadhili kimasomo wachezaji wa League of Legends, mchezo wa kompyuta ambao timu mbili hupambana, mwaka 2014, na katika Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023 washindi walivishwa medali kama wanariadha wengine.

Linalonishughulisha ni hili: shule ya binafsi inapotangaza kwamba inatoa michezo hii, inamwahidi mzazi nini hasa? Sisi wa magharibi tunajua timu ya shule hujengwaje. Green Commandos, timu ya kandanda ya Shule ya Upili ya Kakamega, hawakupata jina kwa sababu ya nyasi za uwanja wao, bali kwa makocha, mazoezi na wapinzani wa kweli. Kikosi cha League of Legends kina wachezaji watano, kila mmoja na wajibu wake, na ustadi wao hukua pale kocha anapowaketisha kuitazama tena mechi waliyoshindwa, akiwauliza kwa nini mmoja alisonga mbele kabla wenzake hawajawa tayari. Bila kocha huyo, shule imenunua mashine tu, na karo imepandishwa bure.

Tena mpira hauna mwenyewe, ilhali League of Legends ni mali ya kampuni ya Riot Games, ambayo inaweza kuubadilisha mchezo itakavyo. Kwa hiyo si busara shule kuufunga mpango wake wote kwenye mchezo mmoja.

Kuhusu afya, Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo hii katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, na dalili yake kuu ni mtoto kushindwa kujizuia hata masomo, usingizi na urafiki vinapoharibika. Mwalimu akiiona dalili hiyo, amwondoe mchezaji kikosini kama ambavyo angemwondoa aliyeumia goti, hata kama fainali ni kesho.

Lakini linaloniuma zaidi ni wapinzani. Shule chache zenye uwezo zikichezeana zenyewe kwa zenyewe, vipaji vya mitaa kama Kondele na Nyalenda vitabaki nje ya lango, na hata hao walio ndani watakosa ushindani wa kuwakomaza. Naziomba shule zenye vyumba vya michezo hii ziwapokee wanafunzi wa shule jirani za umma siku za Jumamosi, bila malipo, na ratiba ya mechi zao iwe tayari kabla muhula ujao haujafunguliwa.