Soseji ya Asubuhi kwa Nyama ya Bata Mzinga

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi nyote. Nashukuru kualikwa, na nimefurahi zaidi kuwaona akina baba nao wamekuja, maana jambo hili linamhusu kila anayeamka alfajiri kuwaandalia watoto kifungua kinywa kabla basi la shule halijafika.

Sote tunaoishi huku Marekani tunaijua soseji ya asubuhi: ile bapa, ya duara, yenye harufu kali ya majani, inayoliwa na yai na mkate. Asili yake ni nguruwe, ndiyo maana wengi wetu tulikuwa tukiipita. Zikaja za bata mzinga, tukashukuru. Lakini someni karatasi kabla ya kuweka kwenye kikapu. Soseji ndefu ya bata mzinga inaweza kuwa imejazwa ndani ya utumbo wa nguruwe, na maandishi yake huwa madogo mno: "pork casing". Na hata kama utumbo si wa nguruwe, bado kuna suala la ndege mwenyewe alichinjwaje. Ukinunua kima halali kwa muuza nyama unayemwamini, ukaikanda nyumbani, yote mawili yamekwisha. Soseji bapa haihitaji utumbo wowote.

Tatizo ni kwamba wengi wakijaribu nyumbani hupata kababu. Inaweza kuwa tamu, lakini ni kababu: inamegeka ovyo, na kwa bata mzinga inakuwa kavu. Mtu hudhani amekosa kiungo fulani. Alichokosa ni kuipa chumvi muda wa kukaa na nyama, kisha kukanda ikiwa baridi.

Tazameni mabakuli haya mawili. Kima ni ile ile, imetoka pakiti moja. Hili la kushoto nililitia chumvi jana usiku, na nimelikanda kabla hamjaingia. La kulia nimelitia chumvi sasa hivi, nikalichanganya juu juu. Nachukua donge la kushoto, nalibandika kiganjani, nageuza mkono. Mnaona? Limeshika. Sogeeni mlio nyuma. Nikilivuta polepole, linatoa nyuzi nyembamba kabla ya kukatika. Sasa hili la kulia… limeanguka.

Ndani ya nyama kuna protini inayoitwa mayosini. Chumvi huiyeyusha na kuitoa, na ukikanda inageuka gundi. Ikipata moto, gundi hiyo hukaza na kushikilia maji na mafuta ndani ya nyama. Kababu tunataka iwe laini na iachie mdomoni, kwa hiyo ni bora chumvi tuitie karibu na kupika, na tusikande sana. Soseji inataka kinyume chake.

Na ubaridi je? Mafuta ya bata mzinga ni laini kuliko ya ng'ombe. Ukikanda nyama iliyoachwa mezani, mafuta yanayeyuka, yanapaka bakuli na vidole, na kwenye kikaango yanachuruzika yote. Kima itoke frijini, na bakuli nalo lilale frijini. Kanda dakika mbili tatu kwa nguvu, basi.

Vipimo vyangu kwa ratili moja ya kima, yaani gramu 454: chumvi gramu 8, majani makavu ya seji, yaani "sage", yaliyosagwa kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko, thaimu kidogo, kungumanga ya kukwaruza kidogo, sukari ya kahawia kijiko kimoja, na vijiko vitatu vya chakula vya maji ya barafu. Chumvi nawasihi muipime kwa mizani. Kijiko cha chai cha chumvi laini hubeba karibu gramu 6, lakini kijiko hicho hicho cha chumvi ya chembe kubwa kinaweza kubeba nusu yake tu.

Msikimbilie kima iliyoandikwa mafuta asilimia 1. Hiyo ni kidari kitupu, na soseji haitoki humo. Tafuteni ya asilimia 15, au msagiwe nyama ya paja. Mkipata ya asilimia 7 tu, ongezeni vijiko viwili vya chakula vya samli iliyoganda, ikatwe vipande vidogo.

Mama mmoja hapa mbele anauliza kama anaweza kutia binzari nyembamba na dania. Unaweza, mama yangu, na watoto watakula. Ila ile ladha wanayoikuta hotelini na shuleni inatokana na seji. Hiyo ndiyo inayomfanya mtu aseme hii ni soseji, awe ni nguruwe au bata mzinga. Mimi ningeiacha seji itawale, na binzari ningeiwekea kababu za jioni.

Kabla ya kuunda, kaanga kipande kidogo uonje chumvi. Msionje mbichi hata kidogo! Kima ya bata mzinga inaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa tumbo. Mwaka 2011 kampuni ya Cargill iliondoa sokoni ratili zipatazo milioni 36 za kima ya bata mzinga kwa sababu hiyo. Osheni mikono na ubao kwa sabuni, na nyama yenyewe msiioshe, maana maji yanayoruka yanasambaza vijidudu jikoni.

Tengenezeni vitonge vya gramu 60, mvibane viwe bapa, unene wa sentimita moja, katikati pabonyee kidogo kwa sababu vitajivuta. Mafuta kidogo kikaangoni, moto wa wastani. Ukiwa mkali sukari itaungua kabla ndani hakujaiva. Takriban dakika nne kila upande. Rangi isiwadanganye, kwa sababu nyama ya bata mzinga inaweza kubaki na wekundu hali imeiva, na inaweza kuwa nyeupe hali bado. Chomekeni kipimajoto kutoka ubavuni hadi katikati. Kikisoma nyuzi 165 za Farenhaiti, yaani 74 za Selsiasi, epueni papo hapo. Mkiiacha izidi sana, ukavu tulioukimbia unarudi.

Na ndugu aliyeuliza kuhusu friza: ndiyo, zigandisheni mbichi, zikitenganishwa kwa karatasi, na mzitumie ndani ya miezi mitatu au minne. Frijini, mbichi zisizidi siku mbili. Zilizopikwa, siku tatu hadi nne. Zilizoganda zihamishieni frijini usiku, msiziache juu ya meza ziyeyukie huko. Haya, anayetaka kukanda bakuli la tatu anawe mikono aje hapa mbele.