Main Building ya Makerere: ukimaliza kutazama mnara, uliza na kiwanja

Haya karibuni, nyie wa nyuma sogeeni, hatuna spika leo na boda za Wandegeya mnazisikia wenyewe. Wazee wangu shikamooni. Vijana wa Kiswahili asanteni kwa kunialika, ingawa mmenipa kazi ngumu, eti nieleze historia ya hilo jengo hapo mbele yetu, jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere hapa Kampala, Ivory Tower kama mnavyoliita, kwa nusu saa.

Tukianza na miaka. Mtu akiulizwa Makerere ilianza lini anajibu 1922, sawa kabisa, halafu anaonyesha hilo jengo. Hapana jamani. 1922 halikuwepo. Kilichokuwepo hapa mlimani ni chuo cha ufundi, wanafunzi 14, wote wa kutwa, wanajifunza useremala, ujenzi na umakanika. Yaani mababu wa hawa maprofesa wote ni watu wa randa na msumeno, na mimi hilo napenda sana kuwakumbusha wakubwa fulani wa suti. Main Building ilikuja 1941, huko Ulaya vita imepamba moto, huku tume ya Waingereza, ile ya De La Warr, ilishasema tangu 1937 kwamba hapa pafanywe chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima. Ndio maana Nyerere alitoka Tanganyika 1943 akaja kusomea ualimu hapa, akalikuta jengo bado jipyajipya.

Na lilikuwa jengo la wanaume, sitii chumvi, kaulimbiu ya chuo ilikuwa Tuwe Wanaume! Mpaka 1945 wakaingia wanafunzi wa kike sita, ikabidi wabadilishe iwe Tunajenga kwa Ajili ya Baadaye, ndio hiyo tunayo mpaka leo. Dada zangu mnacheka, lakini sita tu walitosha kubadilisha maneno ya chuo kizima.

Sasa hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu kila mtu anapiga picha na mnara, kiwanja hakuna anayekiuliza. Mwaka huohuo wa 1945 chuo kilitaka ardhi zaidi kipanuke, na ardhi ya hapa ni Buganda, na Muganda na ardhi yake mnajua habari zake. Watu waliogopa, wakisema leo mnachukua kwa ajili ya shule kesho mtachukua kwa ajili ya wazungu wa mashamba kama kule Kenya, na kusema kweli hofu ile haikuwa ya kijinga, Kenya ilikuwa jirani tu wanaiona. Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, wa wakati huo, Samwiri Wamala, akang'oka mapema mwaka huo katika vurugu. Akarudishwa Martin Luther Nsibirwa, ambaye naye alishakuwa Katikkiro zamani akajiuzulu 1941 kwa sababu ya ile kesi nyingine kabisa ya Namasole, mama wa Kabaka, mfalme wa Buganda, kutaka kuolewa tena baada ya mumewe Kabaka Daudi Chwa kufariki, ukiukaji mkubwa wa mila, na Nsibirwa alikuwa upande wa mama. Kwa hiyo anarudi kitini tayari ana maadui wa zamani, anapewa na hili la ardhi juu yake. Akalipitisha Lukiiko, bunge la Buganda, sheria ikakubali ardhi itwaliwe kwa manufaa ya umma. Siku iliyofuata, tarehe 5 Septemba 1945, asubuhi anaenda kusali kanisa kuu la Namirembe, akapigwa risasi palepale mlangoni kwa kanisa. Akafa.

Namirembe si mbali na hapa, kwa miguu ni muda mfupi tu. Hosteli ile iliyoitwa Northcote, jina la Mwingereza, baadaye ndio ikapewa jina la Nsibirwa, na wazee waliokaa humo bado wanajiita Northcote mpaka kesho, sijui tuwafanyeje.

1962 nitaipita haraka. Juni ya mwaka ule waandishi wa Afrika walikutana hapa mlimani, akina Achebe na Soyinka, na Ngugi akiwa bado mwanafunzi wa hapahapa. Lakini mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza, so Shaaban Robert hakuwamo, na mwezi uleule akafariki. Hilo mimi linaniuma mpaka leo, basi tuendelee.

Enzi za Amin, makamu chansela Frank Kalimuzo alichukuliwa Oktoba 1972, hakuonekana tena. Agosti 1976 wanajeshi wakaingia kampasi wakawapiga wanafunzi. Vijana, mnaposhangaa kwa nini mama fulani wa Kampala akisikia Kiswahili ananuna, kumbukeni kwamba wengi wao walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki.

Halafu moto. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 20 Septemba 2020, wanafunzi wako makwao kwa sababu ya korona, moto ukaanzia juu, ukala paa lote, ukashuka ghorofani. Asubuhi watu wamesimama hapahapa kwenye nyasi za Freedom Square wanalia, wengine hawakusoma hata siku moja hapa, na waliosoma swali lilikuwa moja, vyeti vyetu je? Maana ofisi za kumbukumbu na za fedha zilikuwa humo. Nikawaza, haya, tunalia kwa jengo la mkoloni? Lakini miaka karibu 80 watu wanahitimu mbele yake, lishakuwa letu bwana, mkoloni aliondoka bila hata kulibeba.

Likajengwa upya kwa sura ileile ya nje, likafunguliwa Oktoba 2024. Kuna wanaosema wangejenga la kisasa, vioo na lifti za kung'aa, pesa ni ileile. Mimi siafiki. Majengo ya vioo yamejaa mjini, na mzee aliyepigwa picha ya joho hapa 1968 lazima akija na mjukuu aweze kumwonyesha mahali aliposimama.

Sasa maswali, ila tusiulizane hapa juani. Tunateremka wote mpaka Nsibirwa, mtaniuliza njiani, na nyie wawili wa Northcote mnaonikodolea macho najua mna la kusema, anzeni nyie.